Nani Ameshika Mizani ya Samaki Wetu?

Mgeni akishuka Isaka, jambo la kwanza linalompokea ni makontena. Yamepangwa moja juu ya jingine katika bandari kavu iliyoanzishwa mwaka 1999, yakingoja kuvushwa kwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Mji huu mdogo wa Wilaya ya Kahama hauhitaji mhadhiri wa kuufundisha maana ya biashara ya kimataifa. Unaamka nayo na kulala nayo.

Lakini mgeni huyo akivuka reli na kuingia sokoni atapata somo la pili, ambalo halimo katika hati za forodha. Mbele ya mama muuza samaki yapo mafungu matatu. La kwanza ni dagaa wa Ziwa Victoria, na ukiwasugua kidogo mkononi unasikia mchanga. La pili ni sato wachache, wadogo kuliko kiganja cha mtu mzima. La tatu ni mapanki, yaani kichwa na mifupa ya sangara, vilivyokaangwa katika mafuta mpaka vikawa vyeusi. Nilimwuliza mama mmoja minofu ya sangara yule iko wapi. Alicheka, akanijibu: "Minofu ilishapanda ndege, mwanangu. Sisi tumeletewa kichwa kituambie ilikokwenda."

Wataalamu wameandika ripoti nyingi juu ya matatizo ya biashara ya samaki duniani: viwango vya ubora, ushuru, uvuvi haramu, gharama za usafiri, upungufu wa samaki. Yote hayo ni kweli. Lakini mtu anaweza kuyasoma yote kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho asikutane na swali ambalo mama wa Isaka amelijibu kwa sentensi mbili. Swali lenyewe ni hili: katika biashara hii, nani ameshika mizani?

SOMO LA PAMBA

Watu wa Shinyanga na Mwanza hawana haki ya kujifanya hawalijui swali hili. Baba zao na babu zao ndio waliolijibu. Katika siku za ukoloni mkulima wa pamba alifika kwa mnunuzi na mzigo wake. Mnunuzi aliupima kwa mizani yake mwenyewe, akaisoma mwenyewe, akataja bei mwenyewe. Mkulima aliyelima, akapalilia, akachuma na kubeba, alibakiwa na kazi moja tu, nayo ni kunyoosha mkono apokee alichopewa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima hao walikataa. Waliweka wapimaji wao wenyewe waliowaamini. Kutokana na wapimaji hao vilizaliwa vyama vya ushirika, na kutokana na vyama hivyo, chini ya uongozi wa watu kama Paul Bomani, ukazaliwa mwaka 1955 muungano wa ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Tukumbuke vizuri mpangilio wa mambo. Wakulima wale hawakuanza kwa kudai viwanda, wala hawakungoja wafadhili. Walianza kwa kushika mizani, maana walijua kwamba asiyejua uzito wa mali yake hawezi kujadili bei yake.

Sasa twende ziwani. Nusu nzima ya Ziwa Victoria iko Tanzania. Sangara, samaki aliyepandikizwa ziwani humo na watu wa serikali ya kikoloni upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliongezeka kwa kishindo katika miaka ya 1980. Aliwala furu wa aina mamia, na wengi wao hawajaonekana tena. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 viwanda vya minofu vilianza kuota Mwanza, na minofu ikaanza kuruka kwenda Ulaya. Fedha za kigeni zilipatikana. Ajira zilipatikana. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema kwamba nchi haikufaidika.

Lakini mtazame mvuvi. Mara nyingi nyavu alizotega usiku si zake; amekopeshwa na wakala. Injini inayosukuma mtumbwi wake amekopeshwa na wakala. Barafu imeletwa na wakala. Kwa kuwa ana deni, hana ruhusa ya kumpelekea samaki mnunuzi mwingine. Asubuhi anarudi mwaloni akiwa ameloa, samaki wanawekwa juu ya mizani ya wakala, wakala anasoma, wakala anataja bei iliyotoka kiwandani kwa simu, na bei ya kiwandani imetajwa na mnunuzi wa nje. Mvuvi ananyoosha mkono apokee. Je, kuna tofauti gani kati ya mtu huyu na mkulima wa pamba wa mwaka 1950, isipokuwa kwamba huyu amelowa maji na yule alijaa vumbi?

CHETI KATIKA MKONO WA MNUNUZI

Mizani ya biashara ya kimataifa si ile ya chuma tu. Iko mizani nyingine inayoitwa cheti cha ubora. Kati ya mwaka 1997 na mwaka 2000 nchi za ziwa hili ziliionja vizuri. Kwanza palisemwa kuna vijidudu vya salmonela katika minofu, na Hispania na Italia zikafunga milango. Kisha kipindupindu kilipoingia Afrika Mashariki, Jumuiya ya Ulaya ilizuia samaki wabichi kutoka kwetu, ingawa Shirika la Afya Duniani lilieleza wazi kwamba hatari ya kueneza kipindupindu kwa njia ya vyakula vinavyouzwa nje ni ndogo mno, na kwamba kuzuia vyakula hivyo si dawa. Mwaka 1999 zikaja habari za watu wanaovua kwa sumu, mlango ukafungwa tena, na kwa Tanzania haukufunguliwa mpaka mwaka 2000.

Katika marufuku hizo nani aliumia? Mlaji wa Ulaya alikula samaki wa bahari nyingine. Mwenye kiwanda alipunguza wafanyakazi. Wakala alishusha bei. Mvuvi, ambaye hakuna aliye chini yake wa kumshushia mzigo, aliubeba wote.

Hapa lakini tusijidanganye kwa kuwalaumu mabeberu peke yao. Mialo yetu ilikuwa michafu. Wavuvi wachache walitia sumu majini kweli, na huo ni uuaji, si uvuvi. Wakaguzi wetu walikuwa wachache na maabara zetu dhaifu. Serikali ilipoamua, mialo ilitengenezwa, sheria zikaandikwa upya, na maabara ya ubora wa samaki ya Nyegezi, Mwanza, ikawa na uwezo wa kutoa majibu yanayokubaliwa nje. Huo ni ushahidi kwamba tukitaka kushika mizani tunaweza. Aibu yetu ni kwamba tulingoja tufukuzwe sokoni ndipo tutake.

Mwaka 2020 somo lilirudiwa. Ugonjwa wa korona ulisimamisha ndege, na bei ya sangara ikaanguka katika mialo ambako hakuna hata mvuvi mmoja aliyewahi kupanda ndege. Mtu anayemtegemea mnunuzi mmoja wa mbali, kwa njia moja ya usafiri, huugua kila mnunuzi huyo anapokohoa.

HASIRA HAITOSHI

Wapo watakaokumbuka filamu ya Mwaustria Hubert Sauper, Darwin's Nightmare, iliyotoka mwaka 2004. Ilionyesha mapanki ya Mwanza kwa dunia nzima, na ikadokeza kwamba ndege zilizokuja kuchukua minofu zilikuwa zikileta silaha. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliikosoa hadharani, na wananchi wa Mwanza waliandamana. Nchi ina haki ya kukataa kuchorwa kama jalala. Lakini baada ya maandamano, mapanki yalibaki palepale. Kosa la filamu ile lisiwe kisingizio chetu. Swali la mapanki lilikuwa swali letu kabla halijawa la mgeni mwenye kamera, na litaendelea kuwa letu baada ya filamu kusahauliwa.

Kuna jambo jingine ambalo filamu ile haikulishughulikia, na ambalo leo ndilo kubwa zaidi. Ndani ya sangara mna mfuko mdogo wa hewa unaoitwa bondo. Zamani ulitupwa, au uliuzwa kwa senti. Leo bondo lililokaushwa husafirishwa kwenda Hong Kong na China, na bei ya kilo moja ni mara nyingi ya bei ya kilo ya minofu. Lakini mvuvi aliyemwuza sangara mzima kwa kilo alilipwa kama kwamba amebeba nyama tu. Utajiri uliokuwa tumboni ulipita mikononi mwake bila yeye kuulizwa.

Ndugu zetu wa Kahama na Geita, jambo hili mmelisikia wapi? Mnalijua. Mwezi Machi mwaka 2017 Serikali ilizuia kusafirishwa nje kwa makinikia ya migodini, kwa sababu nchi haikuwa na hakika na kilichokuwamo ndani ya makontena yale. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha sheria inayotamka kwamba utajiri na maliasilia za nchi ni mali ya wananchi. Baadaye ikaundwa kampuni ya ubia ya Twiga, ambayo Serikali ina hisa asilimia 16. Na mwezi Machi mwaka 2019 lilifunguliwa soko la dhahabu la Geita, ambapo mchimbaji mdogo anapeleka dhahabu yake mahali pa wazi, inapimwa mbele yake, bei ya siku inajulikana, na Serikali inapata chake.

Mchimbaji wa Geita amepewa mizani ya umma. Je, mvuvi wa Nkome na wa Chato, aliye katika mkoa huohuo, naye si mwananchi? Samaki nao si maliasilia? Bondo ni makinikia ya ziwa, na ni jambo la kushangaza kwamba nchi iliyoamka kwa ajili ya mchanga wa dhahabu bado inasinzia juu ya tumbo la samaki.

MVUVI SI MWIZI WA KWANZA

Ziko hoja mbili zinazotolewa kila mara suala hili linapotajwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba tatizo ni mvuvi mwenyewe: anavua sangara walio chini ya sentimita 50, anatumia kokoro, anatumia timba. Hoja hii ina ukweli, na anayeificha si rafiki wa wavuvi. Anayevua samaki mchanga anakula mbegu ya mwaka kesho. Kwa sababu hiyo mwaka 2018 Serikali iliendesha operesheni kali na nyavu haramu zikateketezwa kwa moto. Lakini ndugu msomaji, hasa wewe mtumishi wa umma, jiulize jambo moja. Nyavu za timba hazioti ufukweni kama magugu maji. Zilitengenezwa kiwandani. Zilipakiwa. Zilipita mpakani au bandarini, zikakaguliwa au hazikukaguliwa, zikatolewa kwa hati yenye mhuri, zikauzwa dukani kwa risiti au bila risiti. Kabla hazijafika kwa mvuvi zilipita mbele ya watumishi wangapi wanaolipwa mshahara? Tumemchomea nyavu mtu wa mwisho katika msururu, na wa kwanza hatujamwuliza jina.

Hoja ya pili husema tuliachie soko, litajirekebisha lenyewe. Tangu viwanda vya kwanza vifunguliwe Mwanza imepita miaka zaidi ya 30. Katika muda huo mtoto aliyezaliwa mwaloni amekuwa mtu mzima, amekopa nyavu kwa wakala kama baba yake alivyokopa, na bado anauza kwenye mizani ileile. Mwalimu Nyerere hakuchoka kutukumbusha jinsi bei ya katani yetu ilivyokuwa ikishuka huku bei ya trekta lao ikipanda. Soko lina tabia ya kumsikiliza aliyejipanga. Asiyejipanga huitwa nguvukazi.

DAGAA NI SUALA LA TAIFA

Huku macho yote yakitazama minofu ya Ulaya na mabondo ya China, iko biashara ya kimataifa iliyo mlangoni petu ambayo haituvutii kwa sababu haina sura ya kizungu. Ni biashara ya dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hukaushwa hasa na wanawake, hukusanywa katika masoko kama Kirumba Mwaloni jijini Mwanza, na kutoka hapo huenda Kongo, Rwanda, Burundi, Zambia na Kenya. Pamoja nao huenda kayabo, sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, anayependwa sana Kongo. Hawa hawahitaji ndege wala chumba cha baridi. Wanahitaji jua, chanja, gunia safi na barabara.

Na hata hapa tunapoteza. Dagaa wengi bado huanikwa mchangani. Mvua ikinyesha wanaoza. Wasiooza wanakuwa na mchanga, na mwenye mchanga huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Chanja cha miti na nyavu kuukuu hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia, lakini hubadilisha chakula cha kuku kuwa chakula cha binadamu, na bei yake nayo hubadilika. Kisha mama mfanyabiashara akishapata mzigo safi anakutana na kibali hiki, ushuru ule, hati nyingine, na mtumishi mwingine asiyekuwapo ofisini mpaka kesho. Urasimu huo ndio unaowafanya walanguzi wapitishe mizigo njia za panya, na samaki wetu wakafika masoko ya mbali wakiwa na uraia wa nchi nyingine.

Tutazame pia ng'ambo ya ziwa tujifunze. Kenya, nchi yenye ufuo wa ziwa hilihili, ilifikia hatua ya kuuza sato walioganda kutoka China katika masoko ya Kisumu, na mwaka 2018 jambo hilo likawa mjadala wa taifa. Nchi ikipuuza ziwa lake, wengine watailisha kwa bei wanayoitaka.

TUFANYE NINI

Kwanza, kila mwalo mkubwa uwe na mizani ya umma, inayosimamiwa na chama cha ushirika cha wavuvi na kukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Bei ya siku ya sangara, na bei ya bondo peke yake, iandikwe ubaoni kwa chaki ili kila mtu aisome. Kama Geita imewezekana kwa dhahabu, itawezekana Nkome kwa samaki.

Pili, mkopo wa nyavu na injini utoke katika ushirika na benki za umma, usitoke mfukoni mwa mnunuzi. Mtu hawezi kujadili bei na anayemdai. Boti na vizimba vya kufugia samaki vilivyoanza kugawiwa kwa mkopo nafuu mwaka 2024 ni mwanzo mwema, ila mkopo huo uwafikie wanaolala ziwani, usiishie kwa wenye ofisi mjini waliojiita wavuvi siku ya kujaza fomu.

Tatu, njia ya samaki iwe yetu. Kwa miaka mingi minofu ya Mwanza imepakiwa malorini kwenda kutafuta ndege Nairobi na Entebbe. Mwaka 2023 Shirika la Ndege la taifa lilipata ndege ya mizigo. Mwezi Juni mwaka 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341 pamoja na njia za kupishania. Reli hiyo isije ikakamilika huku Isaka ikiwa haina ghala la baridi la samaki wabichi wala ghala kavu la dagaa. Makontena yanayoleta shehena ya watu wengine hurudi baharini mengi yakiwa matupu. Kontena tupu linalopita mbele ya nchi yenye samaki ni shtaka lililoandikwa kwa chuma.

Nne, kabla ya kuhesabu tulichouza nje, tuhesabu tulichobakiza. Nchi inayouza chakula chake chote bora na kula mifupa haifanyi biashara, inajikondesha.

Mambo haya hayataletwa na wavuvi peke yao, na ndiyo maana makala haya hayakuandikwa kwa ajili yao. Yameandikwa kwa ajili yako wewe unayesaini vibali, wewe unayepanga ratiba ya wakaguzi, wewe unayeingiza takwimu za mauzo ya nje bila kuuliza mvuvi alilipwa kiasi gani. Yameandikwa pia kwa ajili ya mwalimu. Mwalimu wa Isaka anapomwona mwanafunzi anasinzia saa nne asubuhi kwa sababu hakula, anaiona biashara ya kimataifa ya samaki kwa karibu kuliko mjumbe yeyote wa mkutano wa Geneva. Na afundishe basi. Somo la hesabu la darasa la tano lina nafasi ya kutosha kwa swali hili: sangara mmoja ana kilo kumi, minofu imekwenda Ulaya, bondo limekwenda China, je, Isaka imebaki na nini?

Wazee wetu wa pamba hawakuwa na shahada. Waliitazama mizani, wakaona mkono ulioishika, wakauondoa. Sisi tulisomeshwa kwa jasho la pamba ile. Tusipoweza kufanya kwa samaki walichofanya wao kwa pamba, basi elimu yetu nayo ni mapanki: kichwa kikubwa, na nyama imekwenda kwingine.